Moyo ukisimama nje ya hospitali, aliye karibu ndiye mwokoaji wa kwanza: ni nini kinachozuia mikono?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha huduma ya kwanza, na katika kazi hiyo swali ninalolisikia mara kwa mara ni hili: ambulensi inapaswa kufika ndani ya dakika ngapi mtu anapoanguka na moyo wake kusimama? Ni swali la haki, lakini linaacha nje jambo lenye uzito zaidi, yaani kile kinachofanywa na watu waliomzunguka mgonjwa kabla ambulensi haijafika. Ninaleta uzi huu kwa sababu naamini kwamba katika dharura hii hatima ya mgonjwa kwa kiasi kikubwa huamuliwa na mtu asiye daktari, na kwamba kinachomzuia mtu huyo asichukue hatua mara nyingi si ubaya wa moyo wala ugumu wa kazi yenyewe. Ni kutotambua anachokiona, pamoja na hofu ya kudhuru.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Katika mshtuko wa moyo, mshipa unaolisha misuli ya moyo huziba. Mgonjwa kwa kawaida bado ana fahamu, anashika kifua, anatoka jasho na anaweza kueleza maumivu yake. Moyo kusimama ni hali nyingine: moyo umeacha kusukuma damu, mtu anapoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na hapumui kama kawaida. La kwanza linaweza kuzaa la pili, lakini mgonjwa wa kwanza anahitaji kufikishwa hospitali haraka, ilhali wa pili anahitaji mikono juu ya kifua chake pale pale alipolala.

Kwa watu wazima wengi wanaoanguka ghafla, moyo hauwi umenyamaza kabisa katika dakika za mwanzo. Vyumba vyake vya chini vinatetemeka ovyo, kila sehemu ya msuli ikijikaza kwa wakati wake, na hivyo hakuna damu inayotoka. Umeme wa mashine ya kushtua moyo, yaani difibrileta, unaweza kukomesha tetemeko hilo na kuupa moyo nafasi ya kurudia mpangilio wake. Hata hivyo tetemeko lenyewe hufifia kadiri msuli unavyokosa oksijeni, na likishakwisha mashine haina tena cha kushtua. Ndiyo maana inakadiriwa kwamba kila dakika inayopita bila mtu kukandamiza kifua hupunguza nafasi ya kuokoka kwa takriban asilimia 7 hadi 10, wakati kifua kinapokandamizwa kupungua huko huwa kama asilimia 3 hadi 4 kwa dakika. Ubongo nao huanza kuumia ndani ya dakika 4 hadi 6 hivi. Ni huduma chache sana za dharura, hata katika nchi tajiri, zinazoweza kumfikia kila mgonjwa ndani ya muda huo.

Tuangalie yaliyopimwa. Nchini Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulichunguza wagonjwa zaidi ya 30,000 ambao kuanguka kwao kulishuhudiwa, kati ya mwaka 1990 na 2011. Waliokandamizwa kifua kabla ya wahudumu wa dharura kufika, asilimia 10.5 walikuwa hai baada ya siku 30. Wale ambao hawakukandamizwa, ni asilimia 4. Nchini Denmark, ambako mafunzo haya yaliwekwa katika shule za msingi na baadaye yakawa sharti la kupata leseni ya udereva, wagonjwa waliosaidiwa na watu wa kawaida waliongezeka kutoka asilimia 21 mwaka 2001 hadi karibu asilimia 45 mwaka 2010, na waliokuwa hai baada ya siku 30 wakapanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo matibabu ya hospitali nayo yaliboreka, kwa hiyo si haki kuupa mkono wa raia sifa yote. Lakini mgonjwa anayefika hospitali akiwa na ubongo uliokwisha kuharibika hana jinsi ya kufaidika na matibabu hayo bora.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo mwizi mkubwa wa dakika: pumzi za kukata roho. Moyo unaposimama, sehemu ya chini kabisa ya ubongo inaweza kuendelea kutuma amri ya kuvuta hewa kwa dakika kadhaa. Mgonjwa anapanua mdomo, anavuta pumzi moja nzito yenye mkoromo, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Wakati mwingine mikono na miguu hujikaza na kurusharusha kama ya mwenye kifafa. Waliosimama karibu hufurahi wakisema bado anapumua, wanamlaza ubavu, wanampepea, wanamnyunyizia maji usoni, na wakati huo wote hakuna tone la damu linalofika kwenye ubongo wake. Hali hii hutokea kwa sehemu kubwa ya wagonjwa, hasa wale ambao msaada umewafikia mapema, na hao ndio wenye nafasi nzuri zaidi ya kuokoka.

Kwa hiyo kanuni ninayofundisha ni fupi. Mtikise mabega na umwite kwa sauti. Kama haitiki na hapumui kama kawaida, hesabu kwamba moyo umesimama. Usipoteze muda kutafuta mapigo shingoni, kwa kuwa hata wataalamu hukosea hapo. Agiza mtu mmoja umtajaye au umwoneshaye kwa kidole apige simu ya dharura, mwingine alete difibrileta ikiwa ipo, na wewe uanze kukandamiza.

Mgonjwa alazwe chali juu ya kitu kigumu. Weka sehemu ya chini ya kiganja, ile iliyo karibu na kifundo cha mkono, katikati ya kifua juu ya nusu ya chini ya mfupa wa kidari. Weka mkono wa pili juu yake, nyoosha viwiko, mabega yako yawe wima juu ya mikono, kisha bonyeza kwa uzito wa mwili. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kiachwe kiinuke kikamilifu kabla ya kubonyeza tena, kwa maana ni wakati wa kupanda ndipo moyo unapojaa damu. Usisimame bila sababu. Shinikizo linaloulisha moyo hujengeka taratibu kwa mibonyezo inayofuatana, nalo hushuka mara mikono inapoondoka, kama tangi linalovuja ambalo kiwango chake hukaa juu tu kwa muda ambao pampu inafanya kazi.

Naomba michango, hasa kutoka kwa waliowahi kukumbana na hali hii na waliosita.

---

MamaWawili

Ahsante, mwalimu. Ninakiri kwamba kinachonitia woga ni mbavu. Nimeelezwa kwamba kubonyeza kwa nguvu unayoisema huvunja mbavu, na ninajiuliza: je, ikiwa moyo ulikuwa haujasimama, bali mtu amezimia tu, si nitakuwa nimemuumiza bure, na labda kumuua?

---

Mleta mada

Dada, swali lako ndilo linalowashika wengi, na linastahili jibu lisilozunguka.

Mbavu huvunjika, ndiyo, hasa za wazee, na wakati mwingine mwokoaji huzisikia zikilia chini ya mikono yake. Mgonjwa ambaye moyo wake umesimama hawezi kudhurika zaidi ya pale alipo, na mbavu hupona. Akisikia mlio huo, mwokoaji ahakikishe mikono iko katikati ya kifua, si pembeni, kisha aendelee.

Ama kuhusu mtu ambaye moyo wake haukusimama, jambo hilo limechunguzwa. Katika eneo la King County, jimbo la Washington nchini Marekani, wapokea simu za dharura wamekuwa wakiwaelekeza wapiga simu kukandamiza kifua tangu miaka ya 1980, na kwa kuwa hawamwoni mgonjwa, baadhi ya waliokandamizwa hugunduliwa baadaye kwamba moyo ulikuwa ukifanya kazi. Watafiti walipowafuatilia watu hao, waliovunjika mfupa walikuwa wachache sana, wapata asilimia 2, na hakuna aliyekutwa na jeraha la viungo vya ndani. Aliyezimia tu, zaidi ya hayo, kwa kawaida atasukuma mkono wako au atalia unapombonyeza, nawe utaacha. Ukipima mizani hiyo, kosa la kukandamiza asiyehitaji ni dogo, na kosa la kutomkandamiza anayehitaji halirekebishiki.

Nchi nyingi pia zina sheria zinazomlinda mtu anayesaidia kwa nia njema, ingawa masharti yake yanatofautiana.

---

NesiWaZamu

Ndugu mleta mada, ninaunga mkono sehemu kubwa ya hoja yako, lakini kuna upande ambao sisi wa wodini tunauona na ambao haupaswi kufichwa. Wengi wanaokandamizwa hawaokoki. Kati ya wanaorudishiwa mapigo, wapo wasiofumbua macho tena, na wapo wanaoamka wakiwa na ubongo uliojeruhiwa. Tukiwaahidi watu kwamba mikono yao inarudisha uhai, siku wakijaribu na mgonjwa akafariki, watajihesabu kuwa wauaji. Nimewaona wakilia kwenye benchi wakiuliza ni wapi walipokosea.

---

Mleta mada

Nesi, umesema kweli, nami sitaki kuipunguza. Hata katika nchi zenye mifumo mizuri, wanaotoka hospitali wakiwa hai baada ya moyo kusimama nje ya hospitali ni karibu mmoja kati ya kumi wa wale wanaotibiwa na wahudumu wa dharura, na katika maeneo mengi ni wachache kuliko hao. Ukandamizaji mzuri wenyewe husafirisha kiasi kidogo tu cha damu ambayo moyo mzima ungeisukuma, robo hivi. Kwa kawaida hauwashi moyo. Kazi yake ni kuuweka ubongo hai na kulidumisha lile tetemeko hadi umeme ufike. Mtu anayefundishwa aambiwe hivyo waziwazi.

Lakini wastani huo unaficha tofauti kubwa mno kati ya mahali na mahali. Katika kasino za Las Vegas, walinzi walifundishwa kukandamiza kifua na kutumia difibrileta, na matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Miongoni mwa wagonjwa ambao moyo wao ulikuwa ukitetemeka na kuanguka kwao kulishuhudiwa, walioshtuliwa ndani ya dakika 3 waliokoka kwa asilimia 74, na walioshtuliwa baada ya hapo kwa asilimia 49. Hao walikuwa walinzi, watu ambao kazi yao ya kila siku haihusiani kabisa na tiba. Katika viwanja vitatu vya ndege vya Chicago, kikiwemo O'Hare, mashine ziliwekwa mahali pa wazi, na katika miaka 2 ya kwanza watu 18 walipatwa na tetemeko hilo. 11 kati yao waliokolewa, na waokoaji wa 6 hawakuwahi kufundishwa kutumia mashine hiyo. Ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni dakika.

Kuhusu wale wanaolia kwenye benchi, naomba wewe na wenzako mwendelee kuwaambia jambo moja la kitabibu: mara nyingi chanzo cha moyo kusimama kilikuwa kimekwisha kuamua matokeo, kwa mfano donge kubwa la damu kwenye mapafu au mshipa mkuu uliopasuka, na hakuna mikono, hata ya daktari bingwa, ambayo ingeyageuza. Wanahitaji kuyasikia hayo kutoka kwa mtu aliyemwona mgonjwa, siku ile ile, na wafuatwe tena baada ya wiki chache, maana usingizi wao huharibika na picha ya tukio huwarudia.

---

MamaWawili

Na kupulizia mdomoni je? Wapo wanaosema kumeachwa. Mimi nina watoto wadogo, ningependa kujua.

---

Mleta mada

Hakujaachwa, dada, ila kumewekwa mahali pake.

Mtu mzima anayeanguka ghafla mbele ya macho yako bado ana oksijeni katika damu yake kwa dakika za mwanzo, kwa hiyo kinachohitajika zaidi ni kuisukuma damu hiyo. Ndiyo sababu tangu mwaka 2008 Chama cha Moyo cha Marekani kimewahimiza watu wasiofundishwa wakandamize kifua tu bila kusita. Aliyefundishwa na aliye tayari afuatishe mibonyezo 30 kwa pumzi 2.

Kwa watoto ni tofauti, na hapa naomba usome polepole. Moyo wa mtoto kwa kawaida husimama kwa sababu pumzi ilitangulia kusimama: amezama majini, amekabwa na kitu kooni, au amelemewa na ugonjwa wa mapafu. Damu yake imekwisha oksijeni, na kuizungusha peke yake haitoshi. Hapo pumzi ni sehemu ya tiba yenyewe. Mwongozo wa Ulaya unataka pumzi 5 za kuanzia kwa mtoto, wa Marekani unataka 2 kwa aliyezama, lakini yote inakubaliana kwamba asiachwe bila hewa. Inua kidevu chake, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo tu, na kwa mtoto mchanga kibaki sawa, kisiinamishwe nyuma wala mbele. Kwa mtoto mchanga funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako, kwa aliye mkubwa zaidi bana pua na ufunike mdomo tu, kisha puliza taratibu hadi uone kifua kinainuka. Kifua chake kibonyezwe kishuke kwa theluthi moja ya unene wake. Aliyezama, wa umri wowote, anahesabiwa katika kundi hili, na hao huweza kuanza kupumua tena hata pasipo mashine yoyote, jambo ambalo linanifanya nisichoke kulirudia.

---

MsomajiKimya

Wakuu, mimi ninauliza kwa niaba ya sisi tunaoishi mahali ambapo ukipiga simu ya dharura hakuna atakayekuja, au atakuja baada ya saa nzima. Difibrileta hakuna. Je, haya yote yanatuhusu?

---

Mleta mada

Ndugu, sitakupamba kwa maneno. Mtu mzima ambaye moyo wake unatetemeka, na hakuna difibrileta wala gari litakalofika, nafasi yake ni finyu sana hata mkikandamiza vizuri. Hilo ni pungufu la mfumo, na si haki kumbebesha mwokoaji.

Hata hivyo yapo yanayokuhusu moja kwa moja. Waliozama, waliokabwa na watoto wanaweza kuokolewa kwa mikono na pumzi, kama nilivyoeleza. Pili, dakika za mwanzo zitumike pale pale chini. Watu mara nyingi humkimbiza mgonjwa kwenye gari lolote, akakunjwa kiti cha nyuma, na hakuna anayeweza kumkandamiza ipasavyo gari likiwa mwendoni. Kama usafiri ndio tumaini pekee, mmoja autafute wakati wengine wanakandamiza, na wapokezane kila dakika 2, kwa kuwa mtu akichoka mibonyezo yake hupungua kina kabla yeye mwenyewe hajagundua. Tatu, na hili ndilo lenye faida kubwa zaidi mahali pasipo na huduma, ni kumwahisha mwenye mshtuko wa moyo hospitali akiwa bado na fahamu. Maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa mkononi au tayani, pamoja na jasho jembamba, yasipewe usiku mmoja wa kusubiri.

---

NesiWaZamu

Niongeze jambo ambalo halijaguswa: wanawake. Watu husita kumfunua kifua mwanamke mbele za watu.

---

Mleta mada

Umenikumbusha vyema, nesi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba katika maeneo ya umma asilimia 45 ya wanaume walikandamizwa kifua na wapita njia, na wanawake ni asilimia 39. Sababu zinazotajwa ni hofu ya kushutumiwa kwa kumgusa, na dhana kwamba moyo ni ugonjwa wa wanaume. Kukandamiza hakuhitaji kumvua nguo. Pedi za mashine ndizo zinazohitaji ngozi tupu, moja chini ya mtulinga wa kulia, yaani mfupa wa mbele unaotoka kidarini hadi begani na nyingine ubavuni chini ya kwapa la kushoto, na watu wawili wakishika kitambaa wanaweza kumsitiri wakati huo.

Nisisahau pia kwamba takriban 7 kati ya 10 ya matukio haya hutokea nyumbani. Mtakayemkandamiza, kwa uwezekano mkubwa, ni mzazi au mwenzi wenu.

---

KochaWaVijana

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma uzi wote. Ninafundisha timu ya vijana, na wengi wetu tunawakumbuka wachezaji walioanguka uwanjani. Naomba mwongozo wa kupanga uwanja wetu.

---

Mleta mada

Marahaba, kocha. Mifano ya soka inasema mengi. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, akafariki. Fabrice Muamba, mchezaji wa Bolton ya Uingereza, alianguka mjini London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, lakini alikandamizwa na kushtuliwa bila kukatizwa, akaokoka. Christian Eriksen wa Denmark alianguka mjini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, akakandamizwa kifua na kushtuliwa pale pale uwanjani, na mwaka uliofuata alirudi kucheza. Tangu Foé alipofariki, soka imejifunza kuchukulia kila mchezaji anayeanguka bila kugongana na mtu, na asiitike, kama aliyesimama moyo hadi ithibitike vinginevyo. Naomba kanuni hiyo iwe ya kwanza kwako. Tambua pia kwamba pigo la mpira au kiwiko katikati ya kifua cha kijana mwenye afya, likitua katika nukta mahususi ya mzunguko wa mapigo, linaweza kuusimamisha moyo wake.

Mengine ni mpango. Kabla ya kila mechi, watu wanne wajue kazi zao kwa majina: wa kukandamiza, wa kumpokea, wa kupiga simu na kwenda kuipokea ambulensi getini, na wa kuleta mashine. Simu iachwe kando ya mgonjwa ikiwa kwenye spika, ili mpokea simu amsikie anayekandamiza na kumhesabia. Ikiwa klabu itapata difibrileta, isifungiwe ofisini kwa kufuli. Iwe mahali ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi ndani ya dakika 3. Inapowashwa inazungumza yenyewe, inapima mapigo, na haitatoa umeme kama haujahitajika, kwa hiyo vijana wa miaka 12 na kuendelea wanaweza kufundishwa kuitumia. Warudie mazoezi angalau mara moja kwa mwaka, kwa sababu ustadi wa mikono hupotea ndani ya miezi michache. Betri na pedi zina tarehe ya mwisho wa matumizi. Mtu mmoja apewe jukumu la kuzikagua kila mwezi na kutia saini.